Bastola Moja ya Orville Tveit

Orville Tveit hakuwa mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana hayo machache aliyoyasema yaliaminika. Miaka yote aliyokuwa fundi wa maghala ya nafaka ya ushirika pale Norderheim, Dakota Kusini, mkulima akiambiwa na Orville kwamba mtambo wa kupandishia ngano utakuwa mzima kesho asubuhi, alikwenda zake nyumbani kulala. Hakutaka karatasi wala kiapo. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, akashukuru, akaitundika sebuleni. Lakini kitu alichotoka nacho pale akijivunia hasa ni hilo neno lake, na hilo neno ndilo lililokuja kumponza.

Mambo yalianzia kwenye unga. Marlys, mkewe, aliyekuwa akifundisha watoto wa mji ule piano, alikuwa anatengeneza chapati za viazi za Krismasi. Akachota unga kwenye pipa, kikombe kikagonga chuma. Akachota upande wa pili, kikagonga chuma kingine. Wakati huo Orville alikuwa na bastola kama watu wengine walivyo na soksi, hajui ni ngapi na hakumbuki ameziweka wapi. Moja ilikuwa nyuma ya piano. Moja ilikaa ndani ya buti la theluji lisilo na mwenzake. Hizo za kwenye unga alikuwa amezifunga vizuri kwenye mifuko ya plastiki, jambo ambalo alijaribu kulitaja kama utetezi.

Marlys hakupiga kelele. Kwetu watu hawapigi kelele, na mgeni anaweza kukaa mwaka mzima akidhani tunapendana wote. Alijipangusa mikono, akampigia simu Mchungaji Lindahl aje kunywa kahawa, na mbele ya Mchungaji na sahani ya biskuti akauliza, kwa upole kabisa, kama nyumba ya watu wawili ina haja ya kuwa kambi ya jeshi. Orville akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nyumba hii itakuwa na bastola moja," akasema. "Moja tu."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa, akachukua biskuti, na jambo likaisha. Kabla theluji haijayeyuka Orville alikuwa ameziuza zote, akabakiza moja, ile kubwa ya risasi za arobaini na tano. Hiyo asingeweza kuiuza hata kwa dawa, maana Marlys mwenyewe ndiye aliyemnunulia mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwa pesa za piano.

Miaka ikaenda. Uzee, ambao kwa wengine huingilia magotini au machoni, kwa Orville uliingilia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Baridi yabisi, alisema daktari. Na kila Alhamisi wastaafu wa Norderheim hukutana kwenye shimo la zamani la kokoto kupiga shabaha sahani za chuma, halafu hunywa kahawa na kulalamikia bei ya mahindi. Ile arobaini na tano ilikuwa ikimrudi mkononi kwa teke la ndama. Kila risasi, chozi. Watu walipomtazama Orville alisema, "Vumbi." Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na vumbi la karibu kabisa lilikuwa chini yake likisubiri mwezi wa tano.

Duane Skogen, rafiki yake tangu darasa la kwanza na mtu asiyeweza kuona shida ya mwenzake bila kuiongeza, alimsogelea.

"Orville, bwana, nunua ndogo. Ishirini na mbili. Ukiipiga ni kama mtu anapiga chafya kanisani."

"Ninayo moja."

"Najua unayo moja. Ndiyo maana nasema nunua ya pili."

"Nilisema moja."

Duane alilijua neno la Orville, kwa hiyo hakubishana nalo. Alitafuna kijiti chake akatazama mbali. "Basi," akasema, "nunua nusu."

Akamfafanulia. Kwa sheria, bastola ni kile kipande cha chini, fremu, chenye mpini na namba iliyochorwa. Vya juu yake vyote, yaani mtutu na kifuniko chake cha chuma, na springi, na hata magazini, kile kibweta cha kukalia risasi, ni vyuma tu. Unaviagiza kwa posta kama unavyoagiza suruali, hakuna wa kukuuliza lolote. Unavua sehemu ya juu ya arobaini na tano, unavalisha ya ishirini na mbili, chini ni ile ile. "Umebadilisha risasi, hujabadilisha bastola," akasema Duane. "Ulikuwa na moja, unayo moja. Hata Mchungaji hana la kusema."

Kama Orville angezaliwa mahali pengine, pengine hoja hiyo ingemgonga ikaanguka. Lakini alizaliwa Norderheim, na Norderheim hakuna mtu anayechukua kipande cha mwisho cha keki. Ni aibu kubwa. Baada ya ibada tunashuka chumba cha chini ya kanisa kunywa kahawa, na kipande cha mwisho kikibaki kwenye sinia, anayekitaka hukikata nusu, akala nusu, akaacha nusu. Anayefuata hukata ile nusu. Anayefuata naye hukata ya huyo. Nimeshuhudia kwa macho yangu wanaume watu wazima wakigawana kwa kisu kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Mwisho sinia ni tupu, kila mmoja amekula, na hakuna aliyechukua. Kwa mtu aliyelelewa kwenye hesabu ya namna hiyo, nusu bastola iliingia akilini bila hata kubisha hodi.

Mzigo ulikuja kwa posta. "Nini hicho?" Marlys akauliza.

"Vyuma," akasema Orville, na hakuwa amedanganya.

Akashuka navyo chumba cha chini, akavitia kwenye ndoo ya aiskrimu, ile ya plastiki yenye mfuniko ambayo kwetu hakuna nyumba inayoitupa, akaandika juu yake SKRUBU. Hapo ndipo angejiuliza swali moja dogo: kama si kosa, kwa nini skrubu? Hakujiuliza.

Ishirini na mbili ilikuwa raha tupu. Kidole kilitulia, macho yakakauka. Tatizo ni kwamba sahani za chuma hazikuanguka. Risasi zilifika, zikasema *ting*, zikaenda zao.

"Umezibembeleza," Duane akasema. "Unataka ya milimita tisa."

Ikaja ya tisa, kwenye ndoo iliyoandikwa SKRUBU NYINGINE. Kisha pale ushirika zikavuma habari kwamba simba wa milimani ameonekana kwenye shamba la akina Hofer, na ya tisa ikaonekana kuwa ndogo mno kwa simba, ikaja ya milimita kumi. Simba yule baadaye alikutwa ni mbwa wa Bi. Hofer, wa manjano, mnene, mwenye haya. Lakini ndoo ilikuwa imeshajaa. Baada ya hapo sababu zikapungua na ndoo zikaongezeka, na wenye maradhi haya hawahitaji nieleze.

Gaylen, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na kaunta ya bunduki kule nyuma, alimsikia akihesabu vipuri akashindwa kuvumilia. "Orville, kwa vyuma hivyo ungeshapata bastola tatu nzima, na koti."

"Sitaki tatu," Orville akasema. "Ninayo moja."

Ndoo nazo hazioti kwenye miti. Kila ndoo inakuja na aiskrimu yake ndani, na mtu mwaminifu hawezi kuimwaga. Orville alikula vanila baada ya chakula cha mchana, akala baada ya chakula cha jioni, akala siku za baridi ambazo pua ilikuwa haisikii kitu, mpaka akahamia mikanda ya suruali ya marehemu baba yake. Alipozidiwa akaanza kuvamia ndoo za Marlys. Ya vifungo ilitoweka kwanza. Ikafuata ya bitiruti.

"Umeona ndoo zangu?" Marlys aliuliza.

"Zitakuwa mahali," Orville akajibu, na hapo pia hakuwa amedanganya.

Ikafika siku ya mashindano ya vuli, ambayo watu wa miji mitatu huja kwenye shimo la kokoto na supu hupikwa kwenye sufuria la kanisa. Orville alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, akichota vitu kwenye ndoo hii na ile. Zamu yake ikafika. Akasimama mstarini mbele ya watu wote. Juu ya bastola kulikuwa na mtutu wa tisa. Magazini aliyoishika ilikuwa ya arobaini na tano. Risasi mfukoni zilikuwa za ishirini na mbili. Alipozitia kwenye magazini zilimwagikia ndani, akaitikisa, zikalia kama karanga kwenye kopo.

"Mpigaji, uko tayari?" akauliza msimamizi.

Orville akafikiri kwa uaminifu. "Si sana," akasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Duane alikuja, akatazama bastola, akatazama magazini, akatazama risasi. "Hiyo," akasema polepole, "ni tofauti." Kwetu hakuna tusi linalozidi hilo. Tunalisema nyumba ikiungua.

Njiani kurudi Duane, kwa kujuta, akaongeza shida. Alisema tiba ni kuwa na fremu ya pili, tupu, ili seti moja ikae imekamilika siku zote, isichanganyike na nyingine.

"Lakini fremu ndiyo bastola," Orville akasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Kwa sheria, ndiyo. Lakini hebu niambie, fremu tupu inapiga? Haipigi hata nzi. Ni mpini tu, bwana."

Orville aliendesha gari akiyapima maneno hayo. Sehemu ya juu si bastola, kwa sababu haina namba. Sehemu ya chini si bastola, kwa sababu haipigi. Alipofika kwenye njia panda ya kwao alikuwa amehitimisha kwamba tangu ile ahadi hajawahi kuwa na bastola hata moja, na kwamba nafasi ya ile moja bado iko wazi. Akageuza gari kwenda kwa Gaylen kuagiza.

Jumatano, Orville akiwa chini anapanga ndoo, simu ililia juu. Alimsikia Marlys akisema, "Ndiyo... Ndiyo... Asante, Gaylen. Msalimie mkeo." Kisha hatua zake zikaja mpaka mwanzo wa ngazi.

"Gaylen amepiga," akasema. "Anasema bastola yako imefika."

Orville alibaki ameshika mfuniko wa ndoo.

"Kahawa iko tayari," Marlys akasema, akaondoka.

Na ikawa ndiyo hiyo. Hakusema tena. Jumatano hakusema, Alhamisi hakusema. Alikuwa mpole kuliko kawaida, na kila mlo alimwongezea Orville viazi bila kuulizwa. Mwanamume wa kwetu akiongezewa viazi bila kuulizwa anajua ana kesi. Orville alivila vyote kwa woga. Shabaha hakwenda. Alikuwa na hoja zake zote tayari, ya namba na ya nzi, amezipanga vizuri kabisa, ila hakupata wa kumwambia. Na kadiri alivyozirudia peke yake ndivyo zilivyozidi kumsikitisha, maana zilikuwa nzuri mno. Siku za ghala hakuwahi kuhitaji hoja. Alikuwa anasema, basi.

Jumapili baada ya ibada wakashuka kama kawaida. Bi. Solveig alikuwa ameleta keki ya maboga. Ikaliwa, kikabaki kipande cha mwisho katikati ya sinia, na kisu kando yake. Watu wakaanza kukizunguka wakijidai wanatazama dirisha. Mchungaji Lindahl ndiyo kwanza ananyoosha mkono kukichukua kisu.

Marlys akavuka chumba, akakichukua kile kipande kizima kwa vidole, akakila. Alikila amesimama, hana haraka, akimtazama mumewe. Bi. Solveig alikaa chini.

"Hiyo ni tofauti," Duane akanong'ona.

"Nilikitaka," Marlys akasema, "nikakichukua. Wala hakijaniuma." Akajipangusa vidole. "Orville, twende nyumbani."

Nyumbani hakuvua hata koti. Alishuka chini, na Orville, amekaa kwenye meza ya kulia chakula mikono kwenye magoti, akazisikia ndoo zikipanda ngazi zikigongana. Marlys akazipanga mezani. SKRUBU. SKRUBU NYINGINE. SKRUBU ZA ZAMANI. MISUMARI. Moja iliandikwa SI KITU. Ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Marlys mwenyewe, BITIRUTI, na bitiruti hazikuwemo.

"Nionyeshe bastola," akasema.

Orville akainua fremu, peke yake, bila kitu juu. Ilionekana kama kipini cha mlango. "Hii."

"Na hizi?"

"Vyuma. Kwa sheria, Marlys, bastola ni ile yenye..."

"Sheria haikuwepo siku ile. Alikuwepo Mchungaji, na nilikuwepo mimi." Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Sikuulizi habari za sheria. Nakuuliza wewe. Ulizozificha nisizione ni ngapi?"

Saa ya ukutani, ile ya ushirika, ikasikika ikifanya kazi yake. Orville akafungua mdomo kuchukua hoja ya namba, haikuwepo. Akatafuta ya nzi, nayo haikuwepo. Akatazama ndoo moja moja, na aibu ikampanda mpaka masikioni, ile ile ya siku ya biskuti. Neno lake, ambalo wakulima walilalia usingizi, alikuwa amelikata nusu, na nusu ya nusu, na kila mara akajiambia limebaki zima.

"Sita," akasema.

"Na ya Gaylen?"

"Saba."

Marlys akavuta kiti. "Haya. Kwa nini?"

Hilo lilikuwa swali gumu kuliko lile la kwanza. "Kidole kinaniuma," akasema.

"Kidole gani?"

Akamwonyesha. Kilikuwa kimevimba kwenye kiungo, kimepinda kidogo kwa ndani. Marlys alikitazama kana kwamba ameletewa kidole cha mtu mwingine. Miaka yote alikuwa akimwona mumewe anashika kikombe kwa mikono miwili, akadhani ni adabu.

"Tangu lini?"

"Tangu binti yetu Karen alipoolewa."

"Orville! Mtoto wa Karen yuko shule!"

"Ndiyo."

"Na daktari anajua?"

"Anajua."

"Na Duane?"

"Duane anajua."

"Mbwa wa Bi. Hofer anajua?" Hapo sauti ilipanda, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. "Mbona mimi hukuniambia?"

"Ulininunulia wewe," Orville akasema, akiitazama ile fremu. "Kwa pesa za piano. Sasa ningesemaje, kwamba zawadi yako inaniumiza?"

Marlys akaweka viwiko mezani, kitu ambacho hakuwahi kufanya akiwa na nguo za kanisani.

"Mimi nilikuwa naenda kukununulia redio," akasema. "Redio zilikuwa zimekwisha. Muuzaji akasema hiyo bastola imepunguzwa bei. Mwaka mzima nilikuwa naogopa utaniuliza iko wapi redio."

Orville akamtazama. Alikuwa ameitaka sana redio mwaka ule. Hakusema.

"Ungeniambia kidole kinakuuma," Marlys akaendelea, "ningekwambia nunua ndogo. Siku hiyo hiyo. Ningekuendesha mimi mwenyewe kwa Gaylen."

Akainuka, akarudi na mkebe wa yale mafuta mazito ya kupaka viwele vya ng'ombe, ambayo kwetu hutibu kila kitu isipokuwa ukimya. Akakishika kile kidole akaanza kukikanda, si kwa upole sana. Orville akageuza uso upande wa dirisha.

"Vumbi," akasema.

Nyumba ya Marlys haijawahi kuwa na vumbi. Aliendelea kukanda tu.

"Kesho utakwenda kwa Gaylen umwambie hicho kipini hukitaki," akasema. "Uchukue ndogo, ya ishirini na mbili. Nzima, juu na chini. Uiweke mahali ninapoiona."

"Nilisema moja," Orville akasema. Hata wakati ule hakuweza kujizuia.

"Ulisema moja ukaweka saba. Sasa mimi nasema mbili, na mbili ziwe mbili."

Orville akaitikia kwa kichwa.

"Na ndoo zangu nazitaka leo."

Basi akaanza kuzimimina, moja baada ya nyingine, juu ya meza ya kulia, mchana kweupe, mitutu na springi na magazini vikiviringika mpaka kwenye bakuli la sukari. Marlys akawa anazipokea zikiwa tupu na kuzipeleka kwenye sinki. Ile ya bitiruti aliiosha mara mbili, akainusa, akaiosha tena.